Shangazi, mume wangu hataki kuokoka

"Shangazi, nimeolewa miaka tisa, tunapanga Ngamiani, Tanga. Mwaka juzi niliokoka. Mume wangu ni fundi baiskeli, kanisani anaonekana Krismasi na Pasaka tu. Nikimwita mkeshani anajibu, 'Sitaki, nimechoka.' Juzi nilitoa pesa ya kodi ya nyumba iwe mbegu, yaani sadaka ya kutegemea baraka, akanifokea mbele ya watoto. Sasa pesa anaiweka kwa mama yake Pongwe. Kutwa anahangaika na baiskeli za watu, nyingine bure, kama ya mjane jirani yetu. Usiku akirudi anapika huku amenuna, aonekane anaonewa. Mimi nimechagua fungu jema kama Mariamu, yeye kabaki Martha. Nimwache? Mja wa Bwana."

Pole, mwanangu. Kufokewa mbele ya watoto kunauma. Pole yangu imeishia hapo.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilikuacha wewe, nikawatafuta wengine waliomo. Anayepika usiku ni nani? Ni mtu aliyeshinda na minyororo na grisi. Wewe saa hizo uko wapi, hukusema, nami si mtoto.

Umekuja na Biblia, basi tuifungue. Mathayo 21: baba aliwatuma wanawe wawili shamba la mizabibu. Mmoja aliitikia vizuri, "Naenda, Bwana," asiende. Mwenzake alisema "Sitaki," kisha moyo ukamsuta, akaenda. Yesu hakuuliza nani alijibu kwa adabu. Aliuliza nani alifanya mapenzi ya babaye. Mumeo anasema sitaki, lakini baiskeli ya mjane inatoka breki zimekazwa. Sasa jipime, wewe ni yupi kati ya wale wawili?

Na Martha mwacheni jamani! Luka 10, Mariamu kakaa miguuni pa Yesu akisikiliza, Martha dada yake anahangaika kuhudumia, na Yesu akamwambia anafadhaika kwa vitu vingi, kweli. Ila wengi wenu mnaishia hapo, kama wageni wanaoondoka harusini pilau halijapakuliwa. Soma Yohana 11. Lazaro ndugu yao amekufa, Mariamu kakaa nyumbani, anayetoka kumlaki Yesu ni Martha, na ndiye anayekiri kwamba yeye ni Kristo, Mwana wa Mungu. Sura ya 12 tunamkuta tena, anatumikia. Sijaona alipoambiwa azime moto. (Nami nimewahi kuimba kwaya maharage yakiungua, kwa hiyo sikusemi kwa mbali.)

Ya kodi ndiyo mabaya zaidi. Marko 7, watu walimwambia mzazi, "Kile ambacho ningekusaidia nacho ni Korbani, nimemtolea Mungu," mzee akabaki mikono mitupu. Yesu akawaambia wanalitangua neno la Mungu kwa mapokeo yao. Mbegu yako ilikuwa jasho la mwenzio, na hukumuuliza. Huyo mama mkwe unayemchora kama mwizi, mimi naona ndiye anayewalinda msitolewe vyombo nje.

Ndoa za siku hizi zina ugonjwa huu. Kila mmoja ana mtu wake wa kumsikiliza, huyu nabii, yule kikundi cha simu, isipokuwa aliyelala naye kitanda kimoja. Kungwi alikuwa akimweka mwali ndani, akamfunza kumsoma mtu hata akinyamaza. Leo mtu anasomewa mambo ya mumewe na mgeni mwenye kipaza sauti! Wanaume nao wamo: anakemea mapepo mtaa mzima unasikia, na deni la unga dukani kwa Mpemba halijalipwa.

Kumwacha, hapana. Ijumaa hii mkesha ukupite. Panda daladala ya Pongwe na kilo mbili za sukari, mwamkie mama, mwombe radhi ya kodi, usimhubirie. Jioni umkute fundi wako chakula kiko mezani, naye umwombe radhi. Kisha niandikie tena, na safari hiyo unieleze habari za watoto. Katika barua yako nzima wametokea mara moja tu, wakimtazama baba yao akikufokea.