Mkebe wa Chakula Unaporudi Kutoka Shuleni

Kwa muda mrefu niliamini kwamba kazi yangu ilikuwa imekwisha nilipofunga mfuniko wa mkebe asubuhi na kumkabidhi binti yangu. Jioni niliuosha harakaharaka bila kuuangalia, hadi siku moja nilipokuta vipande vya tufaha vilivyogeuka rangi ya kahawia, mkate uliolowa maji ya tango, na yai ambalo ganda lake halikuwa hata na ufa. Nilipomuuliza, alijibu kwamba kengele ililia akiwa bado anahangaika na mfuniko. Tangu hapo nimekuwa nikiukagua mkebe unaporudi kwa makini zaidi kuliko ninavyoukagua unapoondoka.

Sisi tunakionja chakula kikiwa cha moto jikoni, lakini mtoto anakila saa kadhaa baadaye, mbiombio, huku wenzake wakimwita wakacheze. Kwa hiyo, kabla ya kufikiria virutubishi, mimi hufikiria vidole vyake. Mkebe mpya tunaujaribu kwanza nyumbani, aufungue na kuufunga mwenyewe. Yai linatolewa ganda, chungwa linamenywa na kutenganishwa. Mkate naupaka siagi mpaka ukingoni, kwa kuwa mafuta huzuia unyevu usipenye, na tango linakaa peke yake. Tufaha nalipaka maji kidogo ya limau, kwani asidi yake hupunguza kasi ya kubadilika rangi. Zabibu za mdogo wake, ambaye hajafikisha miaka 5, nazikata kwa urefu mara nne, kwa sababu zabibu nzima inaweza kuziba koo la mtoto mdogo. Siagi ya karanga, ambayo kwetu sote ni kipenzi, ilibidi iondolewe, maana darasani yumo mtoto ambaye hata chembe yake inaweza kumletea mzio wa hatari.

Kuhusu kubadilisha vyakula, nilikosea kwa bidii. Nilidhani kila siku inahitaji kitu kipya, nikachoka mimi, na watoto wakashinda na njaa. Mtoto anaweza kuhitaji kukutana na chakula kigeni mara 10 au zaidi kabla hajakikubali, na meza ya shuleni, penye haraka na macho ya wenzake, si mahali pazuri pa kukutana nacho mara ya kwanza. Siku hizi vyakula vigeni tunavionja nyumbani jioni. Mkebeni nahakikisha kuna chakula cha wanga, cha protini, mboga na tunda, kisha nabadilisha kimoja tu kati ya hivyo. Karoti ileile inaweza kwenda ikiwa vijiti vibichi Jumatatu, na Jumatano ikaenda ikiwa imekwaruzwa pamoja na yai ndani ya mkate. Siku ya maharage huongeza chungwa, kwa sababu vitamini C husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yanayotokana na mimea. Kinywaji ni maji, na juu ya hilo sina mjadala.

Jambo ambalo silifanyii mzaha ni joto. Bakteria huzaliana kwa kasi kati ya nyuzi 5 na 60 za selisiasi, na Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae katika joto la kawaida kwa zaidi ya saa 2, muda ambao safari ya kwenda shule na vipindi vya asubuhi huumaliza bila shida. Kinachopaswa kubaki cha moto nakitia kwenye themosi ambayo kwanza nimeijaza maji yanayochemka kwa dakika 10 na kuyamwaga. Kinachopaswa kubaki baridi nakiegemeza kwenye chupa ya maji iliyogandishwa usiku. Wali uliolala juu ya jiko siuweki kabisa, hata uwe unanukia vipi, kwa kuwa unaweza kuwa na bakteria ambao mbegu zao hustahimili kupikwa na sumu yao haiondoki kwa kupasha moto.

Sasa binti yangu ana miaka 9 na huchagua mwenyewe tunda na mboga usiku, kazi ambayo hunichelewesha kuliko kuifanya peke yangu. Juzi mkebe ulirudi na vipande viwili vya pilipili hoho, kila kimoja kikiwa na alama ndogo ya meno. Sikusema neno, ila kesho yake niliweka vingine viwili.