Begi lisilo na mwenyewe ndani ya basi

Mleta mada, umesema uliona begi limeachwa chini ya siti, ukaona aibu kusema, ukashuka zako, na sasa unauliza ulipaswa kufanya nini. Aibu hiyo naijua, maana na mimi iliwahi kuniziba mdomo.

Ilikuwa jioni, basi limejaa hadi mlangoni. Jirani yangu aliposhuka nikasogea dirishani, mguu ukagonga kitu: begi jeusi la mgongoni, limesukumwa mpaka kwenye bati la ubavuni, mikanda yake imekunjiwa chini. Nilipita nalo vituo viwili nikijiambia labda mwenyewe kasimama mbele. Vituo hivyo viwili vinaniuma hadi leo.

Mwishowe nikapaza sauti, "Jamani, begi hili la nani?" Nikarudia. Kimya. Kijana wa siti ya nyuma akainama alifungue atafute kitambulisho. Nia yake ilikuwa njema kabisa, lakini nilimshika mkono.

Hapo ndipo wengi tunapokosea. Tokyo, tarehe 20 Machi 1995, vifurushi vya sumu ya sarini viliachwa kwenye treni za chini ya ardhi, vingine vimefungwa kwa magazeti tu. Kwenye stesheni moja abiria alikipiga teke kifurushi kikaangukia nje, sumu ikawapata waliokuwa wakisubiri treni. Kwenye njia nyingine wafanyakazi wawili wa reli walioshughulikia kifurushi na majimaji yake walifariki. Watu hao walitaka kusaidia! Madrid nako, tarehe 11 Machi 2004, mabomu 10 yalilipuka ndani ya treni nne, yamefichwa kwenye mabegi kama haya tunayobeba kila siku.

Basi nikamfuata kondakta, nikamwambia kwa sauti ya chini ili watu wasikanyagane: begi lilipo, rangi yake, tangu kituo gani. Dereva akaegesha, tukashuka wote, tukasogea mbali, na polisi wakapigiwa simu kutoka huko huko mbali. Mama mmoja alitaka kurudia kapu lake, nikamsihi aliache. Begi lilikutwa na madaftari na koti la kazi. Kuna walionung'unika kwamba nimewachelewesha. Nisingebadilisha chochote, isipokuwa vile vituo viwili.

Mabegi mengi huwa yamesahauliwa tu, kweli. Linalonitia wasiwasi ni lile lililofichwa makusudi, lenye waya au harufu ngeni, au lililoachwa na mtu aliyeshuka haraka. Mtazame kwa anachofanya. Mavazi na sura yake usivihukumu, utamdhulumu mtu bure.

Na kondakta akikupuuza? Waambie walio karibu nawe, shuka kituo kinachofuata, soma namba ya basi, kisha ukishakuwa mbali wapigie polisi mwenyewe. Usisubiri ufike nyumbani.