Maswali ya wasomaji: CEA ya baba imepanda, saratani imerudi?

Shikamoo daktari. Baba yangu, miaka 61, alifanyiwa upasuaji wa saratani ya puru mwezi Februari. Kabla ya upasuaji CEA yake ilikuwa 18, wiki sita baadaye ikashuka hadi 2.9. Juzi tumempima maabara nyingine, imesoma 5.8. Nyumbani hatulali. Imerudi? — Binti, Morogoro

Marahaba binti, na poleni. Kwa kipimo hiki kimoja, hakuna wa kusema imerudi.

CEA ni protini ambayo seli nyingi za saratani ya utumbo mpana na puru (sehemu ya mwisho ya utumbo huo) huimwaga kwenye damu. Kwa asiyevuta sigara, tunataka iwe chini ya nanogramu 5 kwa mililita. Uvimbe ukitolewa wote, hupungua nusu kila baada ya siku chache, ndiyo maana tunasubiri wiki 4 hadi 6 kabla ya kuihukumu. Kushuka kwa baba hadi 2.9 kulikuwa dalili njema.

Tatizo ni kubadilisha maabara. Mashine na vitendanishi (kemikali za kupimia) vya kampuni tofauti havisomi sawa, hata damu ikiwa ileile. Rudini maabara ya kwanza, mpime tena baada ya wiki tatu au nne. Mwelezeni daktari kama baba anavuta sigara, ana homa ya ini au macho ya manjano, au yuko kwenye dripu za kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani: mojawapo, oksaliplatini, huweza kuipandisha kwa muda wiki za mwanzo. Ikiendelea kupanda maabara ileile, apigwe picha za CT za kifua, tumbo na nyonga, pamoja na kolonoskopi, yaani kuangaliwa utumbo mpana kwa kamera. Asianzishiwe kemo kwa sababu ya namba peke yake. Andikeni kila jibu kwenye daftari, tarehe na jina la maabara. Apimwe kila miezi 3 hadi 6 kwa miaka miwili ya mwanzo, kisha kila miezi 6 hadi atimize mitano.

Mama ana saratani ya puru, wiki ijayo anaanza mionzi. Daktari mmoja ametaka kinyama cha uvimbe wake kipimwe MMR kwanza. Ni gharama nyingine. Tuache? — Msomaji, Mwanza

Msiache, na kifanyike kabla ya mionzi. Hapa ndipo ningependa familia nyingi zaidi zisimame na kuuliza.

MMR ni protini nne zinazosahihisha makosa seli inaponakili vinasaba vyake: MLH1, PMS2, MSH2 na MSH6. Maabara hukipaka kinyama rangi na kukitazama kwa hadubini: kiini cha seli chenye protini hugeuka kahawia. Kama viini vya uvimbe vimebaki bluu huku seli za kawaida pembeni ni kahawia, protini imepotea. Kama zote ni bluu, kipimo kimeshindikana. Hilo si jibu, kirudiwe.

Saratani za puru zenye upungufu huu ni chache sana, lakini kwa aliye nao njia nzima hubadilika. Hospitali ya Memorial Sloan Kettering, New York, mwaka 2022 ilitangaza matokeo ya wagonjwa 12 wa kwanza waliopewa dostarlimabu, dawa inayoamsha kinga ya mwili, kila wiki tatu kwa miezi sita. Uvimbe ulitoweka kwa wote, bila mionzi wala upasuaji. Kufikia 2025 walikuwa 49, wote vilevile. Dawa ni ghali na haipatikani kirahisi, lakini jibu lina faida hata bila dawa hiyo: uvimbe wa namna hii mara nyingi hauisikii vizuri kemo ya kawaida, na huenda upungufu umerithiwa, hivyo watoto na ndugu wa mama wachunguzwe mapema.

Kwa nini kabla? Mionzi na kemo huweza kuufuta uvimbe kisibaki cha kupima, na huweza kuifanya MSH6 ionekane imepotea wakati ipo. Kinyama kinachukuliwa mara moja, kwa hiyo kichukuliwe vizuri: vipande kadhaa, ndani ya fomalini (dawa ya kuhifadhia kinyama) ya asilimia 10 mara moja, ujazo wake angalau mara kumi ya kinyama, kwa saa 6 hadi 72. Kikiwekwa kwenye maji ya chumvi au kikacheleweshwa, protini huharibika. Kama kilishachukuliwa, ulizeni maabara ya patholojia kipande cha nta kilichohifadhi kinyama hicho kipo wapi. Mara nyingi hicho kinatosha, mama hakatwi kinyama kingine.

Mimi ni mzima, miaka 48. Nipime CEA kila mwaka? — Msomaji, Mombasa

Hapana, ndugu. Saratani changa mara nyingi haiipandishi, na sigara huipandisha bila saratani. Kwa umri wako kinachofaa ni kipimo cha damu iliyojificha kwenye choo, au kolonoskopi. Ukiona damu chooni, usikubali kuambiwa ni bawasiri kabla daktari hajakupima puru kwa kidole.