Toranti Ikikokota, Tazama Kwanza Unachopakia

Wadogo zangu, wiki hii toranti zenu (mafaili mnayopakua vipande vipande kutoka kwenye kompyuta za wengine, huku nanyi mkiwapakia vipande mlivyonavyo) zilipokokota, nimewaona watatu wenu mkizima ruta na kuiwasha, mkifuta programu na kuisakinisha upya, kisha mkiitukana kampuni ya intaneti. Hakuna hata mmoja aliyetazama safu ya upakiaji, yaani kasi ya data inayotoka kwenu. Nawapenda, lakini subira inaniishia.

1. Hesabu sidi kwanza, yaani watu walio na faili zima na wanaowagawia wengine. Jaribu toranti ya Debian au Ubuntu (mifumo endeshi ya kompyuta ya bure), ambayo sidi wake ni wengi. Ikikimbia, laini yako ni nzima. Na jamani, megabiti 20 ni megabaiti 2.5 kwa sekunde. Gawanya kwa 8 kabla ya kulalamika.

2. Wekea upakiaji kikomo. Hapa ndipo nilipoumia. Laini yangu ilikuwa ya megabiti 20 za kupakua na 1 ya kupakia, nami niliacha upakiaji wazi, nikiamini kwamba anayegawa sana ndiye anayepewa sana. Si uongo: tangu Bram Cohen alipoitoa BitTorrent, yaani kanuni zinazoendesha toranti, mwaka 2001, itifaki hiyo humpendelea anayegawa. Lakini kila usiku ilikuwa yale yale: dakika chache za megabaiti 2, halafu mporomoko hadi kilobaiti 60, na hata barua pepe hazifunguki.

Kwa wiki tatu niliipigia kampuni simu. Nilimfokea dada wa huduma kwa wateja hadi akanyamaza, na ukimya ule bado nausikia. Fundi alipokuja hakugusa waya wowote. Alivuta kiti, akaweka kidole kwenye skrini palipoandikwa kilobaiti 118 za kupakia, tarakimu ambayo haikucheza kabisa. "Mlango wako wa kutokea umejaa," akasema. Kila pakiti (kifurushi kidogo cha data) inayoingia lazima mtumaji arudishiwe taarifa kwamba imefika. Taarifa zangu zilikuwa zimekwama kwenye foleni nyuma ya vipande nilivyokuwa napakia, na walionitumia walipunguza mwendo wakizingoja. Akaandika 95 kwenye kikomo. Kabla hajainuka kitini, megabaiti 2 zilikuwa zimerudi na hazikushuka tena usiku kucha. Yule dada sikupata kumwomba radhi.

Basi asilimia 75 hadi 80 ya uwezo wa kupakia inatosha. Usiweke kilobaiti 1 kwa uchoyo. Wenzako nao watakufungia.

3. Fungua poti kwenye ruta, yaani mlango ambao wenzako wataingilia kuungana nawe, au washa UPnP, inayoiruhusu programu ijifungulie yenyewe. Anwani ya nje ya ruta ikianza na 100.64 hadi 100.127, uko nyuma ya NAT ya kampuni, yaani wateja wengi mnatumia anwani moja ya umma, na kufungua poti kwako hakutasaidia. Omba anwani yako ya umma au tumia IPv6, mfumo mpya wa anwani za intaneti.

4. Pima kwa waya, si kwa waifai. Punguza pia idadi ya miunganisho, maana ruta ndogo huzidiwa. 200 ni mingi ya kutosha.

Ukishapitia yote hayo na bado inakokota, niletee picha ya skrini. Safu ya upakiaji ionekane.