Shati la kitenge la msimu wa joto: shika kitambaa kwanza, maua baadaye

Kila mwaka kaskazi ikishaanza kuvuma, nawaona wanaume kwenye daladala na foleni za benki hapa Dar es Salaam wakiteseka ndani ya nguo walizojichagulia wenyewe. Mchana joto linafika nyuzi 31 au 32, hewa imejaa unyevu wa bahari, na mtu kavaa shati la poliesta lililombana kifuani, kalichomekea, mgongo umelowa kabla hata ya saa nne asubuhi. Inaniuma kwa sababu nchi hii inalima pamba, mafundi wamejaa kila mtaa, na kitenge cha kushona shati zuri kipo Kariakoo siku zote.

Mimi miezi ya joto navaa mashati ya kitenge kazini, msibani na hata kwenye send-off, na watu wakiniuliza wapate wapi kama hilo huwa nawaomba waache maua kwanza. Wengi huingia dukani wakatafuta rangi iliyowavutia, wakanunua, halafu fundi anapomaliza ndipo wanagundua kwamba shati linawaka moto mwilini. Anza na kitambaa. Ukiwa na uhakika nacho, fikiria ulegevu wa mshono. Maua yaje mwisho.

Pamba hunywa jasho, na poliesta hainywi. Hata pamba inayoonekana kavu kabisa mkononi huwa imebeba unyevu wa takriban asilimia 8 ya uzito wake, wakati poliesta haifiki asilimia 1. Ndiyo maana ndani ya poliesta jasho linabaki kwenye ngozi na shati linakuganda. Shida ni kwamba dukani vyote viwili vinaitwa kitenge, vimekunjwa sawa, vimepangwa rafu moja. Maandishi ya pembeni yanaweza kudai ni pamba tupu. Yasome, lakini usiyategemee peke yake.

Kitu cha kwanza ninachofanya ni kukifinya kitambaa kwenye ngumi kisha kukiachia. Pamba hubaki na makunyanzi, poliesta hunyooka kama haijaguswa. Halafu nakisugua kwa viganja, kwa sababu vitenge vingi hutiwa wanga ili vionekane vizito na vya thamani. Unga mweupe ukidondoka, ujue ugumu ule utaondoka na maji ya kwanza na utabaki na kitambaa chepesi kuliko ulichodhani. Kwa shati la joto wepesi si kasoro, ila ukiinua kitambaa kwenye mwanga ukaona nyuzi zimeachana sana, mishono itafumuka mabegani. Nikiwa bado na mashaka naomba uzi.

“Dada, naomba uzi mmoja tu wa pembeni.”

“Chukua kaka yangu, hiyo pamba yenyewe.”

Natoka nao nje, nauwasha kwa kiberiti. Pamba huungua kwa harufu ya karatasi na kuacha jivu laini linalosagika kidoleni. Poliesta huyeyuka, hunuka plastiki, na kuacha kijidonge cheusi kigumu. Muuzaji anayejua mali yake hakasiriki ukimwomba uzi, na anayekasirika ameshakujibu.

Geuza pia upande wa nyuma. Waksi yenyewe, yaani kitenge kilichochapwa kwa nta, rangi yake imezama pande zote mbili, huwezi kutofautisha mbele na nyuma. Kitenge kilichochapwa upande mmoja kina mgongo uliofifia. Si kibaya, na bei yake ni nafuu, ila ukikunja mikono au ukiacha kola wazi ule ufifio unaonekana. Kuhusu waksi ya Uholanzi, ya viwanda kama Vlisco ambao wanachapa tangu 1846 kwa ufundi ulioigwa kutoka batiki ya Java, Indonesia, ni nzuri sana na ghali sana. Kwa shati la kwenda nalo kazini huna haja nayo. Kitenge cha pamba cha bei ya kati, hata cha viwanda vya hapa nchini, kinakutosha. Wazee wengi bado wanakumbuka vitambaa vya Urafiki, kile kiwanda cha Ubungo kilichoanza 1968 kwa msaada wa China, na nimewahi kushika kitenge cha kabatini cha enzi hizo kikiwa bado kizima.

Nunua yadi 2 na nusu kwa mikono mifupi. Mwenye mwili mkubwa, au aliyependa maua makubwa, achukue 3. Pisi ya yadi 6 inatoa mashati mawili, kwa hiyo kugawana na ndugu ni akili.

Kabla ya kwenda kwa fundi, kiloweke kitambaa usiku kucha kwenye maji ya kawaida, kikaushe kivulini, kipige pasi. Usiruke hatua hii hata fundi akikwambia hakuna haja. Pamba husinyaa ikifuliwa, na shati linaweza kupoteza inchi moja ya urefu au zaidi. Afadhali isinyae ikiwa bado kitambaa.

Kwa fundi ndipo pa kusimamia kwa makini, maana vijana wengi wa cherehani sasa wamezoea kubana. Usipozungumza atakubana. Mwambie aongeze inchi 6 juu ya kipimo cha kifua, bega lishuke kidogo kupita mfupa, na mkono uwe mpana ufike karibu na kiwiko. Kola iwe ya kulala wazi, bila ile shingo ya kusimama inayofunga hewa. Asitie bitana popote. Chini akate moja kwa moja, aweke mipasuo mifupi pembeni, na urefu uishie katikati ya mfuko wa nyuma wa suruali, kwa sababu shati hili halichomekewi. Kwa unyevu wa pwani jasho haliondoki lenyewe, linahitaji upepo, na upepo unaingia chini ya shati na mikononi kila unapopiga hatua. Ukilibana, hata pamba bora haikusaidii.

Sasa maua. Mtandazie fundi kitambaa mezani na muonyeshane kila ua litaangukia wapi kabla hajashika mkasi. Duara kubwa likikaa katikati ya tumbo, litakuwa kitu cha kwanza watu kukiona. Ndege wasigeuzwe kichwa chini upande mmoja. Mfuko wa kifuani ukatwe ili mchoro uendelee kana kwamba mfuko haupo, na mbele, pale vifungo vinapokutana, nusu mbili za ua zikutane. Hapo ndipo utamjua fundi. Akikubali kufanya hivyo bila kunung’unika, mlipe anachostahili na usimwache.

Ukitaka kitu chepesi zaidi ya kitenge, shona shati la khanga. Watu hulisahau hili, ila khanga ya pamba ni nyembamba na inapumua vizuri kupita waksi, na pindo lake likipangwa mbele kwenye vifungo linapendeza mno. Zipo khanga za poliesta siku hizi, kwa hiyo kiberiti kinahusika hapo pia. Na usome jina la khanga kabla ya kumpa fundi, usije ukabeba mgongoni mafumbo ya watu waliogombana. Batiki ya mkono nayo ni nzuri, hasa kutoka kwa kinamama wanaotumia pamba nyepesi, lakini mara za mwanzo ifue peke yake mpaka maji yatoke meupe.

Kufua ni rahisi: maji ya baridi, sabuni ya kawaida, shati limegeuzwa ndani nje, likauke kivulini. Jua letu la saa saba linachujisha rangi haraka kuliko sabuni. Ile chumvi na siki ya kukamatisha rangi haisaidii kwa vitenge vya kiwandani. Piga pasi likiwa na unyevunyevu, upande wa ndani.

Wiki za kabla ya Krismasi na Idi mafundi wanazidiwa, wanaahidi kila mtu, wanakata upesi na hawana muda wa kulinganisha maua. Kitambaa kipeleke Oktoba au mapema Novemba, wakati fundi bado ana nafasi ya kukitandaza mezani na kusikiliza unachotaka.