Gari la jirani limeserereka lenyewe likabomoa ukuta: nani analipa?

Inalipa bima ya jirani, hata kama garini hapakuwa na mtu, kwa sababu kuegesha kwenye mteremko bila kuzuia magurudumu ni uzembe wa mwenye gari. Hapa Tanzania bima ndogo (ile ya kufidia wengine, si gari lenyewe) kwa kawaida hugusa pia mali ya mtu mwingine, ila ina kikomo cha fedha, hivyo soma hati yake kwanza. Hakiki namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, uone kama bima ipo hai. Stika peke yake haitoshi.

Gari lisivutwe kabla hujapiga picha kila upande na trafiki hawajapima. Bila ripoti ya polisi dai halisogei. Na lizuieni kwa mawe kwanza, maana mara nyingi ukuta ndio unaolishikilia.

Makadirio ya fundi yahesabu msingi, nguzo na kuzoa kifusi, si tofali tu. Ufa wa ngazi-ngazi unaoanzia chini ni dalili kwamba msingi umecheza, na hapo ndipo wengi hupunjwa. Usisaini hati ya kufunga dai kabla fundi hajachimba akauona. Mkimalizana bila bima, andikishaneni kiasi na tarehe mbele ya mjumbe.