Gawa bustani kabla ya kuipanda

Kiwanja changu cha Limuru ni robo ekari, na kwa miaka minne nilikipanda kila mche ulionivutia kwenye vitalu vya kando ya barabara. Mawaridi yalichanua na geraniamu zikashamiri, lakini mgeni aliyesimama langoni aliona kila kitu kwa mara moja, na hakubakiwa na sababu ya kuingia ndani. Chanzo cha kasoro hiyo nilikielewa mwanzoni mwa Julai, nilipokwenda Uingereza kumtembelea dada yangu, naye akanipeleka kwenye bustani ya Sissinghurst, katika jimbo la Kent.

Mahali hapo palikuwa magofu ya jumba la kale yalipochukuliwa mwaka 1930 na mwandishi Vita Sackville-West na mumewe, Harold Nicolson. Harold alichora njia zilizonyooka na kupanga kuta na nyua za miti. Vita akajaza mimea kwa wingi, bila ubahili. Atakayefika huko ningemshauri aanze kwa kupanda mnara wa matofali mekundu, kwa maana ukiwa juu bustani inaonekana kama nyumba iliyoezuliwa paa, vyumba vyake vyote wazi, ilhali ukiwa chini huoni ila chumba ulichomo.

Kila chumba kina kazi yake na majira yake. Mbele ya nyumba ndogo waliyokuwa wakilala kuna maua ya njano, ya chungwa na mekundu, rangi za machweo. Njia aliyoitunza Harold mwenyewe ni ya maua ya majira ya kuchipua, na nilipofika yalikuwa yamekwisha zamani. Hilo lilinifundisha jambo: si lazima kila pembe ya bustani ipendeze mwaka mzima, mradi pembe nyingine iwe na zamu yake.

Bustani Nyeupe ndiyo iliyonishika. Humo mna maua meupe tu, majani ya kijani na ya kijivu, na katikati waridi jeupe lililotanda juu ya matao ya chuma, likiinama kwa uzito wa vishada vyake hata nilipopita chini yake petali zikanidondokea mabegani. Alipokuwa akiipanga, Vita aliandika kwamba alitumaini bundi mkubwa angepita kimya juu ya bustani hiyo wakati wa magharibi. Kwetu bundi ni uchuro, lakini nilimwelewa: aliipanda kwa ajili ya saa ile ambayo rangi nyingine zote huzama gizani na nyeupe hubaki. Wageni hutolewa kabla ya saa hiyo, kwa hiyo sikuiona.

Niliporudi sikununua hata mche mmoja kwa miezi mitatu. Nilichukua vigingi na kamba, nikagawa kiwanja mara tatu, kila mara nikikaa kwenye kiti katika kila sehemu ili nione jicho linakomea wapi. Fanya hivyo nawe kabla ya kuchimba shimo lolote. Michongoma niliiacha mpakani, ambako miiba yake ina faida, na ndani nikatumia misaiprasi, ambayo hukubali kukatwa.

Usibane njia. Huko Sissinghurst ipo njia kati ya nyua mbili ndefu za miti ya yew ambazo zilinenepa hata ikabidi baadaye zikatwe kwa nguvu. Mimi niliacha mita moja kati ya mistari miwili ya misaiprasi, na mwaka wa tatu mwanangu hakuweza kupita na toroli. Nikang'oa mstari mmoja mzima. Acha mita mbili na nusu, hata kama mwanzoni njia itaonekana pana kupita kiasi.

Ikiwa uwezo wako ni wa chumba kimoja tu, anza na kile kilicho karibu na baraza unapokaa jioni. Changu nimekipanda mayungiyungi meupe, ambayo hustawi sana katika unyevu wa Limuru. Saa kumi na mbili na nusu, ukungu unaposhuka kutoka kwenye mashamba ya chai na mawaridi mekundu ya upande wa pili yamekwisha kuwa meusi, hayo bado nayahesabu moja moja.